Mifuniko Iliyopozwa kwa Barafu

Siku mliyoniaga mlinipa kiti. Ni kiti chetu wenyewe, cha bluu, chenye mikono, na mgongoni mmeandika jina langu kwa wino mzito. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakipindua palepale kutazama chini, pale plastiki inapoingilia kwenye moldi, ile kalibu ya chuma, nione kama mkia umekatwa vizuri. Mkacheka. Ulikuwa umekatwa vizuri. Sasa ni mwezi wa tatu kiti kiko barazani kwangu hapa Bungu na sijakikalia. Wageni wanakikalia. Mimi nafagia uwanja uliokwisha fagiwa, naingia, natoka, na nikienda nyumbani kwa mtu najikuta nafungua na kufunga mifuniko ya ndoo zake.

Rehema, ambaye sasa ndiye mkuu wa zamu, alinipigia simu. "Dada Siwema," akasema, "tuandikie yale ambayo hayamo kwenye karatasi za mashine. Hawa wapya wanadhani plastiki ni plastiki." Nikamwambia mimi niliishia darasa la tano. Akasema, "Karatasi za mashine zimeandikwa na waliosoma, na hakuna anayezielewa." Basi naandika, kwa vipande, maana siwezi kukaa mezani muda mrefu.

Nilizaliwa Salale, kwenye mikoko. Baba alikuwa mkata boriti mwenye kibali, na kazi yangu tangu nikiwa mdogo ilikuwa kusimama ndani ya mashua na kupanga boriti anazonirushia. Boriti iliyonyooka, iliyochongwa vifundo vyote, inalala na mwenzake bila nafasi katikati. Iliyopinda au yenye kisiki cha tawi inainua zote zilizo juu yake. Maji yakiwa yanakupwa na tunakimbilia kuondoka, tulizitupa ovyo, na rundo likawa juu. Lakini njiani mashua ilipoyumba, boriti zilijitafutia nafasi zenyewe, rundo likashuka, kamba zikalegea, na Baba akasimama kuzikaza upya. Niliyajua hayo kabla ya kujua kuandika jina langu. Sikujua kwamba ndiyo elimu ya kazi yangu yote.

Baba alikufa kwa homa, Mama akamfuata mwaka uliofuata. Tulibaki wanne na mimi ndiye mkubwa: Hamisi, Zuhura, na Mosi aliyekuwa bado anabebwa. Mama mdogo alitupa chumba Bungu. Niliacha shule wiki hiyohiyo, na nilipopata umri wa kuajiriwa nikaenda kwenye karakana ya ndoo kando ya barabara kuu, ambayo wakati huo ilikuwa mashine mbili chini ya bati na jenereta lililokuwa likikohoa kuliko mzee wa kijiji.

Siku ya kwanza Fundi Mbwana alinipa kisu kidogo na mfuniko wa moto. Fundi Mbwana alikuwa mtu wa Tanga, mrefu, asiyeinua sauti, mwenye tasbihi mfukoni na penseli sikioni. Kazi yangu ilikuwa kukata mkia wa plastiki unaobaki katikati ya kila mfuniko. "Ukikata plastiki, weka kwenye krasha tuisage irudi mashineni," akaniambia. "Ukikata kidole, usiweke."

Wiki hiyo alinionyesha vitu viwili, rula ya shule na ndoo. Rula ilikuwa angavu, unaona mkono wako ng'ambo. Ndoo, hata kabla ya kutiwa rangi, ilikuwa na ukungu kama maji ya mchele. "Zote zinaingia mashineni zikiwa punje," akasema. "Zote zinayeyuka kama uji. Ya rula unaweza kuipoza haraka au polepole, itatoka ileile. Ya ndoo ina tabia. Inataka muda." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa leo jua tu kwamba inataka muda." Kisha akanipa sheria yake ya kwanza, ambayo ninyi mnaijua kama sheria yangu: mfuniko ulale siku mbili ndipo upimwe. Usiupime siku ya kuzaliwa kwake.

Nilishika kazi upesi. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa naendesha mashine, si kukata mikia. Zama hizo hatukuwa na saa ya kuhesabu. Moldi ikifungwa tulihesabu kwa mdomo mpaka arobaini, maji ya tangi yakizunguka ndani ya chuma kuipoza, halafu tunafungua. Mfuniko uliotolewa mapema ulijikunja kama sikio. Niliweza kuhesabu huku naimba, huku nagombana na mtu, huku nawaza Hamisi atavaa viatu gani.

Hapo ndipo ilipokuja kazi ya Bi Mwajuma. Alikuwa mnunuzi wa kambamiti huko Salale, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka mto, na alimfahamu marehemu Mama. Alitaka ndoo kubwa zenye mifuniko ya kubana, za kuweka kambamiti na barafu, zisiingie maji ya chumvi mashua ikipigwa na wimbi. Alizitaka kabla ya maji bamvu, yale makubwa ya mwezi mpevu, maana ndipo kambamiti wanapotoka kwa wingi. Ndoo tulizimaliza vizuri. Tulipoanza mifuniko, jenereta likafa siku mbili, na lilipofufuka Fundi Mbwana akapata habari ya msiba Tanga. "Siwema, unaijua kazi," akaniambia akipanda basi. "Hesabu arobaini. Usinihesabie thelathini."

Joto la mwezi ule lilikuwa la kuokea. Maji ya tangi yalipata uvuguvugu kufikia saa nne asubuhi, na hata arobaini hazikutosha, ikawa sitini. Nilipiga hesabu ya mifuniko iliyobaki nikaona hatufiki. Na mimi, mtoto wa Salale, kitu kimoja nilikijua kuliko wenzangu wote pale: kambamiti asipotiwa barafu upesi ameharibika. Kwetu hakuna anayepoza polepole. Anayechelewesha barafu ni mvivu au mwendawazimu.

Gari la barafu la kwenda Nyamisati lilisimama pale kila asubuhi, dereva wake, Sefu, akanywa chai kwa mama lishe wa jirani. Nikamwendea.

"Kaka Sefu, huna barafu ya ziada?"

"Ya nini? Una bibi harusi wa kumpoza?"

"Nina mashine."

Alicheka mpaka akamwaga chai, halafu akanipa vipande vitatu vikubwa, vimefungwa kwenye gunia. "Hii ni ya ziada," akasema. "Chukua." Akanipa tena kesho yake, na kesho kutwa.

Nilivitumbukiza kwenye tangi. Maji yakawa ya kuuma vidole. Nikahesabu kumi na tano, nikafungua moldi, na mfuniko ukatoka mgumu, mnyoofu, na mwangavu kuliko wowote tuliowahi kutoa. Ukungu ulikuwa karibu umekwisha. Watu waliacha kazi kuja kutazama. Ulikuwa mkubwa kidogo, unalegea kwenye ndoo, basi nikapunguza msukumo wa mashine, plastiki kidogo zaidi iingie kwenye moldi, mpaka ukakaa sawasawa. Nilijiona fundi kweli. Tulimaliza siku moja kabla.

Fundi Mbwana alirudi asubuhi ya siku ya kuchukua mzigo, macho mekundu kwa safari. Bi Mwajuma alikuwa mlangoni tayari.

"Mashua yangu inangoja maji, Fundi. Maji hayamngoji mtu wa Tanga."

"Mifuniko hii imelala siku mbili?" Fundi akaniuliza.

"Ya mwanzo imelala," nikasema. "Ya mwisho ni ya jana jioni."

Alichukua mmoja wa jana, akaubana kwenye ndoo. Ukalia *tap*. Akaugeuza kwenye mwanga, akanitazama, akatazama tangi. Bi Mwajuma alikuwa amekwisha anza kupakia. Fundi akatia sahihi.

Siku ya nane Bi Mwajuma alirudi na gunia, akalimwaga miguuni mwa bosi wetu, Mzee Karimu. Ilikuwa ni mifuniko yangu. Mingine imepasuka ukingoni, mingine imejikunja kidogo kama papa aliyeanikwa.

"Mifuniko gani hii inanywea kama mgonjwa?" akasema. "Nilipoifungua Salale sikuweza kuifunga tena. Nikiilazimisha na barafu imo ndani, inapasuka. Maji ya chumvi yameingia, barafu imeyeyuka, kambamiti wa safari nzima nimewarudishia samaki."

Mzee Karimu hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa anaona aibu mbele ya mteja, na mtu anayeona aibu anatafuta wa kumkabidhi. Sahihi ilikuwa ya Fundi Mbwana. Alimwita mbele yetu sote.

"Eleza."

"Kazi ni yangu," Fundi akasema. "Sina zaidi."

"Basi ukikosa la zaidi mpaka Ijumaa, nitaleta fundi mwingine kutoka Dar."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Fundi Mbwana alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na mtu akifukuzwa kwa kazi mbovu haondoki na kitu, hata heshima. Mimi nilikuwa na watoto watatu kwenye chumba kimoja. Nikisema, nafukuzwa mimi. Nisiposema, anafukuzwa yeye. Nilikaa kimya Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na sijui kwa nini nasema nilikaa, maana sikukaa hata mara moja. Nilizoa taka, nikapanga punje, nikafua matambara ya mafuta. Zuhura akaniuliza kama nina siafu mwilini.

Na katika kuhangaika huko nilianza kupima. Bado nilikuwa najidanganya kwamba huenda si barafu. Nilichukua waya nikatengeneza pete inayotosha kabisa mfuniko mzuri wa zamani. Nikatoa mifuniko miwili mipya, mmoja kwa kuhesabu sitini, mmoja kwa kipande cha barafu nilichomwomba tena Sefu, na huu wa barafu nikaufanya kama ile, msukumo mdogo, ukakaa sawa na pete. Jumanne ule wa sitini ulikuwa palepale. Wa barafu ulikuwa umepungua, pete inacheza. Jumatano pete ikacheza zaidi. Nikauweka juu ya bati kwenye jua, na kufikia alasiri ukungu ulikuwa umeanza kurudi ndani yake, na pete ikawa inazunguka kama bangili ya mtu aliyekonda. Nilisimama na ile pete mkononi nikaikumbuka mashua ya Baba, rundo linavyoshuka njiani, kamba zinavyolegea. Sikuwa na pa kujificha tena.

Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajaenda kuoga kwa ajili ya swala, niliingia ofisini. Fundi Mbwana alikuwa amesimama mbele ya meza, penseli ameitoa sikioni na kuiweka juu ya karatasi, kama mtu anayekabidhi silaha.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitia barafu kwenye tangi siku tatu. Nikapunguza na msukumo."

Mzee Karimu akamtazama Fundi. "Ulijua?"

"Tangi lilikuwa linanuka kambamiti tangu nilipoingia getini nikitoka Tanga," Fundi akasema. "Barafu ya Nyamisati haifichiki."

"Ulijua, na hukusema?"

"Sheria ya siku mbili ni yangu, na nimeivunja mwenyewe kwa sababu ya mashua. Mifuniko yake isingenidanganya kama ningengoja siku mbili. Na nilitaka kuona kama atakuja." Akachukua penseli yake akairudisha sikioni. "Amechelewa, lakini amekuja."

Mzee Karimu hakutufukuza. Fundi alibaki. Mimi nilitolewa kwenye mashine nikapelekwa kwenye krasha, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusaga mifuniko yangu yote, mmoja mmoja. Krasha ilipiga kelele siku nzima na masikio yalinilia mpaka nyumbani. Bi Mwajuma alitengenezewa mingine, kwa kuhesabu sitini. Bosi alimwambia malighafi ilikuwa mbaya. "Karakana haina haja ya kujulikana inapikia plastiki barafu," akasema, na mimi nikakatazwa kumwambia lolote.

Jumatatu iliyofuata Fundi Mbwana alikuja kwenye krasha, akazima mashine, akaketi juu ya gunia la punje. "Uliniuliza kwa nini inataka muda," akasema. Akatoa tasbihi yake, na nyingine aliyoazima, akazinyoosha sambamba sakafuni. Zikalala shanga kwa shanga. "Ndani ya uji wa plastiki kuna minyororo mirefu kama hii, mirefu mno, imevurugana. Ikipoa, inataka kujipanga ubavu kwa ubavu. Ikijipanga inabanana, kitu kinapungua, kinakuwa kigumu, na mwanga haupiti vizuri. Ndiyo ule ukungu." Kisha akaokota nyuzi mbili alizotungia vipande vya makaa, vizibo na vifuu, vikubwa na vidogo, kimoja huku kimoja kule. "Huu wa rula. Una vinundu visivyo na utaratibu. Ulaze na mwenzake."

Nikajaribu. Haukulala.

"Hata ukiupa mwaka?" akauliza.

"Hata mwaka."

"Ndiyo maana wa rula haujali barafu. Haukuwa na nia ya kujipanga. Wa ndoo nao una vinundu, lakini vidogo, vyote upande mmoja, kama meno ya kitana. Vitana viwili vinaingiana. Ila lazima uvipe nafasi. Wewe uliugandisha ukiwa bado umevurugana. Ukawa mwangavu, ukausifia. Lakini nia ya kujipanga haikuondoka. Ikaendelea pole pole kwenye jua la Salale, wakati moldi haipo tena kuushika."

"Kama boriti zilizopakiwa kwa haraka," nikasema.

Alinitaka nieleze. Nikamweleza mashua, rundo na kamba. Akaziokota tasbihi zake, akasema, "Miaka yote hii nimehangaika na tasbihi," akawasha krasha, akaondoka.

Nilikaa krasha mwaka mzima, nikarudi kwenye mashine, na nikabaki hapo mpaka mliponiaga. Hamisi na wenzake wamesoma, kila mmoja yuko kwake. Mengine mnayajua. Mkiletewa punje za aina nyingine, zile ambazo kiwandani wamechomeka kiungo kigeni hapa na pale kwenye mnyororo, msishangae zikitoka laini na angavu na zikipungua kidogo: boriti zenye visiki, ndizo hizo. Msizichanganye na za kawaida kwa kuwa rangi inafanana. Andikeni kwenye gunia. Fundi Mbwana, Mungu amrehemu, alinirithisha penseli. Pete ya waya ninayo.

Nilipofika hapa katika kuandika nilisimama siku tano. Nilizunguka uwanja. Sentensi ile kuhusu malighafi mbaya nilikuwa nimeiandika mara tatu na kuifuta. Siku ya sita nikapanda boti Nyamisati nikaenda Salale kwa Bi Mwajuma.

Amezeeka, macho hayaoni vizuri, sauti ni ileile. Tulisalimiana, tukaulizana wazima na wafu. Kwenye kona, juu ya mtungi wa maji, kulikuwa na mfuniko mmoja wa bluu uliofifia. Niliujua kabla sijaugusa. Nikatoa pete kwenye mkoba, nikaupima. Pete ilicheza, lakini ulikuwa umekwisha kupungua zamani.

"Umekuja kunisalimia au kupima vyombo?" akauliza.

"Mama, ile mifuniko."

"Ipi? Iliyokuwa ikinywea? Huo ulinikaa vizuri kwenye mtungi nikauficha. Malighafi mbaya, alisema yule bosi wenu."

"Haikuwa malighafi. Nilikuwa mimi. Nilipoza mashine kwa barafu ili niwahi mashua yako. Nikakaa kimya. Na nikakatazwa kukwambia, nami nikafurahi kukatazwa."

Alitafuta uso wangu kwa yale macho yake. Nilibaki nimesimama, mfuniko mkononi.

"Barafu," akasema. "Zama zile, Bungu ile. Barafu uliipata wapi?"

"Kwa dereva wa gari la Nyamisati. Alisema ni ya ziada."

"Gari la kijani?"

"La kijani."

"Sefu?"

"Sefu."

Kuku alipita mlangoni, akarudi.

"Siwema," akasema, "gari lile lilibeba barafu yangu. Peke yangu. Haikuwa na ziada. Msimu ule nilimwuliza kila siku mbona inafika pungufu, akaniapia inayeyuka njiani. Nikamnunulia turubai la kuifunika."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikainama kumshika. Alikuwa anacheka, bila sauti, mpaka akashika mbavu. "Turubai," akasema. "La bei, Siwema." Halafu akafuta macho kwa ncha ya kanga, akavuta kiti kwa mguu kukileta upande wangu. Kilikuwa cha plastiki, cha kwetu, cha miaka ya nyuma.

"Kaa chini," akasema. "Unanizibia upepo."

Sikukipindua. Nikakaa.